Mwalimu Aliyeuliza Tunaona Nini

Mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na moja, ndipo shida ilipoanza kwetu. Mvua haikuja, ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja, na baba akanitoa shule nikiwa darasa la pili ili nikatafute. Kutafuta kwenyewe kulikuwa ni kwenda Gulwe, stesheni, kubeba mizigo ya abiria kichwani na kuuza karanga kwenye madirisha ya treni. Sikurudi shule tena. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue anaongea na nani. Sikusoma, nilitafuta, nikapata. Mashine ya kusaga ya kwanza katika kijiji chetu, huku upande wa Haneti, ni yangu, na hakuna aliyenipa hata msumari.

Lakini leo siandiki habari zangu. Naandika habari za Mwalimu. Jina lake nalijua na kuliandika naweza, ila mwenyewe hakupenda kutajwa, na huku kwetu ukisema Mwalimu, hata kama wapo wengine wenye chaki mkononi, watu wanajua unamsema nani. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo waulize ndugu zake. Mimi nilimkuta ni mtu mzima, amestaafu shule ya msingi, anavaa raba za kiume na gauni refu, na anafundisha kisomo cha watu wazima kwenye ghala la zamani la ushirika.

Habari ya ghala lenyewe niiseme kabisa. Nilikuwa nalitaka. Nilishanunua mashine ya kukamua alizeti, imekaa uani kwangu chini ya turubai, haina pa kuiweka, na ghala lilikuwa na sakafu ya saruji na mlango mpana. Kijiji kilimpa Mwalimu ghala kwa sharti: mavuno ya alizeti yakifika darasa halina watu, yeye anatoka na mimi naingia. Yalisemwa mkutanoni, yeye akiwepo, mimi nikiwepo. Na darasani kwake walikuwa wanakuja wanawake wachache, pamoja na kikongwe mmoja aliyefuata kivuli tu ili alale.

Kwa hiyo siku alipokuja mashineni kuniomba ukuta, nilidhani amepotea njia.

Alinisalimia Kigogo, nami nikamwamkia, kisha akaniita mdogo wangu. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa ananiita hivyo. Mimi ni Mzee wa Mashine hata kwa walionizidi umri.

“Mdogo wangu,” akasema, “naomba huu ukuta unaotazama barabara. Nataka kuweka picha za kuita watu darasani.”

Nikamwambia, Mwalimu, lakini si unajua kwamba ghala nalitaka mimi.

“Najua. Sasa nikaweke kwa nani? Wanawake wote wanasimama kwako.”

Nikampa. Msidhani ni wema. Niliona hakuna picha duniani ya kumtoa mtu kwenye foleni ya unga ikampeleka kwenye ubao. Mwache aweke, nikasema moyoni, alizeti zinakomaa.

Picha ya kwanza ilichorwa na fundi wa mabango wa mjini, kwa rangi, juu ya kipande cha bati. Ilikuwa picha ya kweli, darasa kama lilivyo. Watu wamekaa chini kwenye mikeka, wanawake wamejitanda kanga, vichwa vimeinama kwenye daftari, na mbele yao mtu amesimama na karatasi anasoma. Asubuhi ile foleni yangu ilikuwa kimya. Mama mmoja akaninong'oneza: amefariki nani? Maana kwetu watu wakikaa vile, na mmoja akasimama na karatasi, ni wasifu wa marehemu unasomwa. Kabla ya mchana mwanamke wa kitongoji cha juu akaenda ghalani na beseni la unga kichwani, kanga kiunoni, analia taratibu njia nzima, kwa adabu. Akamkuta Mwalimu mzima kabisa anafagia.

Mwalimu aliupokea ule unga. Alisema unga wa msiba haurudishwi, ni mkosi. Wakasonga ugali wakala pamoja, na yule mama akawa mwanafunzi wake asiyekosa. Jioni akaja kulishusha bati lake, na kuanzia hapo hakuweka picha ukutani kabla ya kuipitisha kwenye foleni. Anakwenda nayo mtu kwa mtu, anaishika chini ya kidevu kama sinia, na swali lake ni moja. Haulizi kama ni nzuri. Haulizi kama umeelewa. Anauliza, “Unaona nini?” Na ukishajibu habishani. Ukisema unaona chura, basi ni chura, anakwenda kwa mwingine.

“Mchoraji ana lake,” alikuwa akisema, “lakini aliye kwenye foleni ndiye mwenye macho.”

Ya pili haikuwa yake, ilitoka ofisi ya elimu. Kijana mmoja wa mjini alileta karatasi kubwa inayong'aa, ndani yake mzee wa mvi amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, na kijukuu kimesimama kinamwonyesha kwa kidole. Mwalimu akaipitisha kwenye foleni kama kawaida. Mzee aliyeleta uwele wake akaitazama sana, akauliza, “Huyu mwenzetu amekosa nini hata akaadhibiwa?” Mwingine akasema kosa ni la mtoto, anamnyooshea babu kidole. Yule kijana alisikiliza yote kwa heshima. Akasema anaelewa, ila picha imeshapitishwa na wakubwa na imeshachapishwa, akirudi nayo ni tatizo. Alikuwa mtoto mwema, aliamkia mpaka walevi. Mwalimu akaibandika ili asimtie matatani.

Sasa huku tunabandika kwa uji wa unga. Mbuzi wakaja, wakaanzia chini. Walikula miguu ya dawati, wakala magoti ya mzee, wakala mtoto mzima pamoja na kile kidole chake. Ukabaki uso wa mzee tu, anacheka. Mwalimu akasimama mbele yake, akaiuliza tena foleni nzima, na wote wakasema wanaona mzee mwenye furaha. Akaniambia nisiiguse. Nami ni shahidi, wazee wawili walikwenda darasani kwa ile nusu iliyoachwa na mbuzi.

Siku hiyo alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema usimchore mtu kwenye ujinga wake, ujinga anao tayari, haji kuchukua mwingine.

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, lakini hakuyasema kwa kujionyesha. Aliyasema huku anatafuta kitu kwenye mfuko, au anakung'uta vumbi la unga, ukikosa kusikia umekosa. Na alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Aliwahimiza watu kuja kwa wakati, na yeye anachelewa, kwa sababu njiani lazima aingie kila nyumba kuuliza hali ya mgonjwa na ya kuku. Alijifanya mtu wa kanisa asiye na starehe yoyote, na huku nyuma ya kitabu anavuta ugoro kama bibi zetu wa zamani. Chafya zake alisema ni vumbi. Na yeye aliyeshinda anatafuta picha za watu, mwenyewe hakupigwa picha. Ukitoa simu anageuka. Zipo picha za darasa lile, na katika zote Mwalimu ni mgongo.

Tena alikuwa mkali mahali usipotegemea. Hakumsomea mtu ujumbe wa simu. Hata umsihi vipi. Siku moja mama mmoja wa darasani kwake alikuja mbio mashineni na simu, mwanawe alikuwa amelazwa mjini, ujumbe umeingia na hajui umesema nini. Mwalimu akaichukua simu, akaitazama, akamrudishia. “Si habari mbaya,” akamwambia. “Iliyobaki isome mwenyewe, nimekaa hapa.” Mimi nilikasirika. Nikamwambia ana roho ya jiwe. Yule mama akakaa chini kwenye pumba, akaanza kuokota herufi, anatamka, anakosea, anarudia, na foleni nzima imeacha kusogea. Alipofika mwisho alisimama akaenda nyumbani bila kuchukua unga wake. Aliufuata kesho yake. Mtoto alikuwa amepewa ruhusa.

Ni simu hizo hizo zilizomletea picha ya tatu, na matatizo. Mwalimu aliona kwamba ujumbe ukiingia, asiyejua kusoma anampa yeyote aliye karibu: mwenye bodaboda, muuza vocha, jirani ambaye hawapatani. Mambo ya ndani ya nyumba yanasomwa kwa sauti, na mimi pale mashineni nimesikia mengi ambayo sikuyataka. Basi akampiga picha mwanafunzi wake mmoja akiwa amesimama ubavuni mwa ghala, simu ameiegemeza kifuani, kiganja kimefunika kioo, anatabasamu peke yake. Hakuandika kitu. Akaenda mjini kuichapisha kwenye turubai, maana mbuzi alishawajua.

Picha hiyo, foleni haikuulizwa mara mbili. Wanawake waliitazama wakacheka kicheko kile cha chini, na juma lile ghala likajaa. Nilianza kuiangalia mashine yangu chini ya turubai nikaona itaozea pale.

Kisha wanaume wakaja juu. Tuliitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mwalimu kwa sababu ya picha na mimi kwa sababu ya ukuta. Mume mmoja akasimama akasema tumetundika barabarani mwanamke anayemficha mumewe siri.

“Mume umemwona wapi hapo?” Mwalimu akamwuliza. “Mimi nimeweka mwanamke na simu. Mume umekuja naye wewe.”

Watu walicheka mpaka mwenyekiti. Nikajua ameshinda. Kesho yake nikamkuta anazifungua mwenyewe kamba za turubai, analikunja. Nikamwuliza, mbona jana ulimshinda? Akasema mwanafunzi wake mmoja amekuja darasani jicho limevimba.

“Picha inayompigisha mtu siyo yangu,” akasema, “hata kama imesema kweli.”

Akatoka pale akaenda mpaka kwa mume wa mwanafunzi huyo, akaketi uani kwake juu ya jiwe. Hakutukana, hakuomba maji, hakula. Alikaa tu, watu wanapita wanamwona, mpaka mifugo ikarudi. Waliongea nini mwishoni sijui, na nilipouliza aliniambia nisage unga. Yule mwanamke alirudi darasani. Lakini wengine wengi walizuiwa makwao, na ghala likabaki tena na wachache na yule kikongwe wa kivuli. Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa shambani.

Hapo ndipo alipoziona alama zangu. Tuseme aliziona siku zote ila hakuwa ameuliza.

Mimi sikujua kuandika, na watu wanaacha viroba vyao mashineni dizeli ikiisha, na unga wa nyumba mbili ukichanganyika ni kesi. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nachukua kipande cha mkaa, naweka alama. Nyumba hii jembe. Nyumba ile unyayo wa kuku, kwa kuwa kuku wao wanashinda kwa jirani. Pembe za mbuzi, kigoda, mwezi mchanga, fimbo ya mchungaji aliyepooza mguu. Sikumwuliza mtu anataka alama gani. Nilimtazama nikampa yake, na kila mtu akaijua. Mtoto akitumwa kuchukua unga anaambiwa, lete chenye jembe. Sikuwahi kukosea kiroba cha mtu, na hilo nalisema kifua mbele.

Siku hiyo foleni ilikuwa imekwisha. Mwalimu akawa anapita kiroba kwa kiroba, ananiuliza mimi sasa: hii nini, hii ya nani, kwa nini kigoda? Nikamweleza yote. Akafika kwenye kiroba chake mwenyewe.

“Na hili duara lenye nukta?”

“Hicho kikopo.”

“Kikopo cha nini?”

“Cha ugoro wako, Mwalimu.”

Akaligusa lile duara kwa kidole. Halafu akauliza, sauti ya chini, “Kijiji kizima kinajua?”

Nikamwambia kinajua hata mfuko unakokiweka. Akacheka mpaka akakaa juu ya magunia, akatoa kile kikopo waziwazi mara ya kwanza mbele yangu, akavuta, akapiga chafya bila kusingizia vumbi. Alipomaliza kufuta macho alikuwa mtu mwingine, amekazia ukuta macho kama mtu anayepima kitambaa.

Kesho yake akaja kuniambia habari za Kolo. Alipokuwa anafundisha Kondoa aliwahi kuwapeleka watoto kule kwenye miamba iliyochorwa, akaona watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, na akasema kila aliyekuwepo alikuwa na lake. Huyu anasema wanacheza, huyu wanaoga, huyu wanamteka mtu.

“Aliyechora hakuacha neno chini,” akaniambia. “Na wewe, mdogo wangu, umewachora watu wote wa hapa, hakuna mwingine aliyewahi. Siku ukifa nani atajua lile jembe lilikuwa nyumba ya nani? Nipe alama zako niziweke ukutani. Chini yake naandika majina.”

Nikakataa. Nikamwambia alama hizo ndizo mashine yangu. Watu wakijua kuandika majina kwenye viroba vyao, mimi nitakuwa na kazi gani?

“Utasaga,” akasema.

Nikamkumbusha kwamba akikosa watu, ghala ni langu, na alizeti hizo zimeiva. Akasema anajua, asingejua asingekuja mwenyewe, angetuma mtu. Akaondoka bila kunibembeleza.

Sitasema nilimwonea huruma. Huruma haikuwepo. Ila alikuwa ameniwekea kitu kichwani. Usiku ule na siku iliyofuata, kila nikitazama ukuta wangu niliona jembe kubwa, kigoda kikubwa, mwezi wenye upana wa mlango, na mtu anapita barabarani anauliza nani amechora hivi. Nikamwita. Nikapiga ukuta chokaa mwenyewe, nikanunua rangi nyeusi, nikachora alama zote kwa mkono wangu, na Mwalimu akaja nyuma yangu na brashi ndogo anaandika chini ya kila moja. Kikopo chake akasema nisikiweke. Nikakiacha.

Watu hawakuulizwa wanaona nini. Walifika, wakajiona. Wanawake waliweka ndoo chini wakaenda kila mmoja mbele ya alama yake, wakasimama kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha dukani. Na wanaume pia, wale wale waliotuita kwa mwenyekiti, maana nyumba ni yao na jembe ni lao. Wakauliza, na haya madoa ya chini?

“Ni jina lako,” Mwalimu akawajibu kila mmoja, na hakuongeza hata herufi. Ukitaka zaidi, herufi ziko ghalani.

Kilichowapeleka watu ghalani hasa ni wivu, na nitausema. Kulikuwa na nyumba yenye wake wawili, nami nilikuwa nimempa kila mmoja alama yake. Mke mkubwa akaona jina lake ni fupi, limekwisha upesi, na la mke mdogo linakwenda mpaka linagusa alama ya jirani. Akamjia Mwalimu mashineni mbele za watu.

“Mimi nimeolewa kabla yake. Nimemfundisha hata kukoleza moto. Leo yeye ndiye apewe refu?”

“Sikukupunja, mama,” Mwalimu akasema. “Njoo ulihakiki mwenyewe.”

Akaenda, na mke mdogo akaenda kulilinda lake, na mume wao akaenda kuona wanapelekana wapi. Wa nyumba ya jembe wakasikia, nao wakaenda kuhakikisha kwamba hawajaandikiwa jina la marehemu babu. Ndivyo ilivyokuwa. Watu ambao hawakuvutwa na faida yoyote ya elimu walikwenda kukagua kama wameandikwa sawasawa.

Nami je? Chini kabisa, pembeni kulia, Mwalimu alikuwa ameandika neno moja ambalo juu yake hapakuwa na alama. Sikuliona siku ile. Nilipoliona nikamwuliza ni la nani. Akasema herufi ziko ghalani. Nikamwambia mimi si wa foleni, huu ukuta ni wangu. Akasema ndiyo, ni wako, akachukua kiroba chake akaenda.

Basi nikakaa na lile neno. Baada ya muda wale waliokuwa darasani wakaanza kupita, wanalitazama, wananitazama mimi, wanatabasamu. Mke mkubwa wa ile nyumba alilisoma kwa sauti ya chini, mbele yangu, akacheka, akabeba ndoo yake. Nikamwuliza limesema nini. Akaniambia, “Mzee wa Mashine, si useme umesahau miwani kama siku zote.”

Nilikwenda kwa hasira. Nilibeba kiti changu kutoka nyumbani, maana mkekani sikai. Mwalimu aliniona mlangoni, hakuonyesha mshangao wala furaha, akanionyesha kwa kidevu pa kuweka kiti. Na nikaendelea kwenda. Siku viongozi wa kijiji walipokuja kukagua kama ghala lina watu, maana alizeti zilikuwa zimeshapigwa na magunia yamepangwa kwangu, mwenyekiti aliingia akatazama, akaniona nimekaa mstari wa nyuma na daftari pajani. Akaniuliza kama bado nalitaka ghala.

Nikamwambia anyamaze, tuko darasani.

Lile neno nililisoma baadaye kidogo, peke yangu, asubuhi, kabla ya kufungua mashine. Lilikuwa jina langu. Si Mzee wa Mashine, bali lile nililopewa na baba, ambalo pale Gulwe hakuna aliyeliuliza. Nikamfuata Mwalimu nikamwuliza kwa nini halina alama. Akasema alama za wengine wote alizitoa kwangu, yangu hakuikuta kwenye kiroba chochote. Kama ninataka nichore. Nilifikiri sana nichore nini. Sikuchora.

Mwaka jana, kabla ya mvua, nilikwenda kumwona mjini. Anakaa kwa binti yake, Nkuhungu, kwenye chumba kinachotazama uani. Presha ya macho imemla; mwanga anauona, watu hawaoni. Alinijua kwa hatua. Nikamwamkia, akaitika, akaniita mdogo wangu, akaulizia foleni.

Nilikuwa nimetumwa. Darasani sasa kuna mwalimu mpya, binti wa chuo, anafanya vizuri, lakini watu wamepungua tena. Ukuta umechakaa, nusu ya wenye alama wamefariki au wamehama, na kijiji kimeanza kusema ghala liwe ofisi. Binti huyo wa chuo akapata wazo zuri: tuweke ukutani picha kubwa ya Mwalimu, uso wake, watu wamkumbuke waje. Akanipa simu nikampige picha. Nikamweleza Mwalimu hayo yote. Alisikiliza huku vidole vinatafuta kikopo kwenye kitanda. Nikakisogeza vikakipata.

Hakugeuka safari hii. Alikaa vile vile uso mbele, kanga ameiweka vizuri begani, kama mtu aliyekubali. Nikainua simu. Nikamwona kwenye kioo: bibi mwembamba, mvi, macho yametulia mbali.

“Unaona nini?” akaniuliza.

Yeye alikuwa amenifundisha kutobishana na macho yangu.

“Naona msiba, Mwalimu,” nikamwambia. “Nikikuweka hivi ukutani, kabla ya mchana wataleta unga.”

Akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika, mpaka binti yake akaja mlangoni kutazama. “Na mimi nitaupokea,” akasema. “Haurudishwi.” Kisha akaacha kucheka, akanyoosha mkono akaushika wangu ulioshika simu, akaushusha. “Sasa weka kile ulichonacho. Siku ile nilikukataza. Leo siwezi kuona kama umetii.”

Nilirudi. Nikapiga ukuta chokaa upya. Binti wa chuo akazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta waliohamia, vijana wa kwenye mnada, wanawake wa kambi ya kokoto, nami nikawatazama mmoja mmoja kwenye foleni nikawapa alama zao. Katikati, juu ya wote, nikachora duara lenye nukta, kubwa kuliko jembe. Chini yake nikaandika mwenyewe, kwa brashi ndogo: Mwalimu. Herufi ya pili imekwenda upande, inaonekana. Watu wakasimama. Wazee walipiga chafya kwa utani. Wageni wakauliza kile kikopo ni cha nani, na wakaambiwa wakaulize ghalani.

Nilicho nacho leo ni hiki. Mashine ya kusaga, moja. Mashine ya kukamua alizeti, kwenye banda nililolijenga mwenyewe. Nyumba ya bati yenye vyumba vinne. Shamba la zabibu, si kubwa. Ng'ombe wapo, idadi yao kwetu haitajwi. Mke mmoja, watoto, wajukuu. Ukuta unaotazama barabara, na chini kulia jina langu, bado halina alama. Kiti changu cha darasani. Ghala si langu. Ufunguo wake ninao mimi, ndiye ninayefungua.